Gereji ya Kizota iliyonifungia briza za difu: bei, kazi yenyewe na kasoro zake

Nianze na bei maana najua ndiyo mtakayoiulizia kwanza. Ufundi wa kupandisha briza, yaani tundu la kupumulia, Sh 60,000 kwa difu zote mbili (yale masanduku ya gia katikati ya ekseli, mbele na nyuma), vifaa Sh 52,000, oili nilinunua mwenyewe. Gari ni Land Cruiser pikapu, lina mkonga (bomba la kuvutia hewa ya injini kwa juu), injini ya 1HZ, ekseli nzima mbele na nyuma. Gereji iko Kizota, hapa Dodoma mjini, nyuma ya mstari wa maduka ya spea za malori. Haina bango. Ukifika ulizia mzee wa difu, hata mama wa chipsi anamjua.

Mimi nafunga pampu za visima vijijini, kwa hiyo msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, haunikuti mjini. Kutoka Gulwe kwenda Kibakwe, au ukiiacha lami ya Bahi kuingia vijiji vya mbugani kwenye mpunga, hakuna namna ya kupita bila kukanyaga maji. Korongo ambalo Septemba ni mchanga mtupu na watoto wanachimba maji ya kunywa humo humo, Januari linashuka jioni moja na kukukalisha ng'ambo mpaka asubuhi. Na mtu huwa haogopi, maana gari lina mkonga. Mkonga unalinda injini tu. Huko chini difu inapumua kwenye usawa wa magurudumu, na hiyo hakuna anayeikumbuka mpaka ianze kulia.

Kwa asiyejua: juu ya bomba la ekseli kuna kikofia kidogo cha chuma, ndani yake kuna kivalvu. Hiyo ndiyo briza. Difu ikifanya kazi inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Sasa umetoka Mpwapwa na mzigo, difu imefika kama nyuzi 80, ghafla unaitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 25. Hewa iliyomo inataka kusinyaa kwa karibu asilimia 16, na lazima kitu kiingie kujaza nafasi. Kivalvu kikiwa kizima kinaruhusu kutoka tu, hakiruhusu kuingia, basi difu inavuta kupitia midomo ya sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isitoke. Kikiwa kimekwama wazi, inavuta maji moja kwa moja kwa juu. Maji ya kupita goti kidogo yanatosha kwa gari la tairi za 7.50R16. Huhitaji mafuriko.

Dawa yake ni rahisi kuliko ugonjwa. Unatoa kile kikofia, unafunga nipo, kiungio cha kushikia mpira, unapandisha mpira mpaka mahali ambapo maji yakifika hapo una matatizo makubwa kuliko difu. Difu inavuta hewa kavu, basi. Kuna seti zinazouzwa tayari kutoka nje, nzuri, ila ukiongeza usafiri na ushuru bei yake inakaribia tairi. Mzee wa Kizota hatumii hizo. Anatumia mpira wa upepo wa breki za malori, ule wa nailoni, na viungio vyake vya kusukumiza, vitu ambavyo vimejaa kwenye maduka ya hapo mbele. Mpira huo umetengenezwa kukaa chini ya chasisi, kwenye vumbi, oili na mawe. Nimeona magari mengine yamefungwa mpira laini wa kuonyesha ndani, ule wa kupimia maji wa mafundi uashi. Ule joto linaulegeza, unajikunja na kuziba, na hapo umerudi kulekule.

Kilichonifanya niandike ni jinsi alivyoanza. Sikuambiwa lete hela nikufungie mipira. Aliingia chini, akalegeza nati ya kumwagia oili ya difu ya nyuma polepole bila kuitoa. Gari lilikuwa limelala hapo usiku kucha, na hilo aliliagiza mwenyewe, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili, yakitulia yanakaa chini na ndiyo yanayotangulia kutoka. Yalitangulia. Matone machache safi kabisa, halafu ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Akaipaka kwenye kidole gumba na cha shahada, akasugua, akanionyesha.

"Unaona, fundi wa maji? Kisima unacho hapa."

Vijana wake walicheka sana. Na mimi nilicheka, ingawa hesabu ya kraunwili na pinioni, zile gia kubwa za difu, ilikuwa inazunguka kichwani.

Akafanya ukaguzi wake, yaani alichomoa ekseli za nyuma na kutazama sili na beringi kabla ya kugusa kingine. Beringi zilikuwa salama, sili moja ya kulia ilikuwa imeisha mdomo. Aliniambia wazi kwamba briza haitibu sili mbovu, na kwamba nikitaka kufunga mipira tu bila kubadilisha ile sili nitafute gereji nyingine, asije akatajwa vibaya kijijini kwetu. Sili ni bei juu ya hiyo niliyoandika. Mbele alikagua pia sili za nakoli, pale magurudumu ya mbele yanapokatia kona, akasema zitavuka msimu huu.

Ile briza ya zamani aliitikisa sikioni. Nzima inagonga kidogo ndani, yangu ilikuwa kimya. Alipoichokonoa kwa msumari likatoka tope jekundu lililokauka, tope la Mvumi lile, nalijua.

Kuna fundi mmoja, simtaji na gereji yake siitaji, aliwahi kunishauri nizibe kabisa kwa bolti na silikoni ili maji yasipate pa kuingia. Naandika hili kwa sababu ushauri huu unazunguka sana. Ukiziba, joto likipanda hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili, na kwa nyuma oili hiyo inaenda kukaa kwenye viatu vya breki. Teremka mlima na mzigo ukiwa hivyo.

Kwenye kufunga, mzee hakubahatisha thredi. Alitoa geji ya thredi, akapima ile ya zamani, akamtuma kijana dukani na sampuli mkononi. Ukilazimisha nipo ya thredi nyingine umeharibu tundu na kazi imekuwa ya kuchomelea. Mpira wa mbele ulipanda mpaka juu kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Wa nyuma ulifuata chasisi upande usio na bomba la moshi, ukapanda mgongo wa kebini mpaka chini ya kioo. Nilimuuliza, "Mzee wangu, kwa nini usiviunge vyote vitokee sehemu moja, na gia boksi humo humo?" Wengi hufanya hivyo na wengine wanasifia. Akasema, "Kila mmoja apumue kwa pua yake. Mmoja akiziba, nijue ni nani."

Halafu akafanya kitu ambacho sijaona gereji nyingine wakifanya. Alipiga jeki kwenye chasisi, si kwenye ekseli, mpaka magurudumu ya nyuma yakaning'inia hewani, ndipo akapima urefu wa mpira na kuacha ulegevu. Ekseli inashuka sana gari likiruka shimo. Mpira uliokatwa gari likiwa limesimama sawa unachomoka siku ya kwanza ya makorongo, na wewe hujui, unaendelea kuamini una briza. Mbele alizungusha usukani mwisho hadi mwisho huku kijana amelala chini anaangalia. Mwisho akapaka povu la sabuni kwenye viungio na kupuliza kwa mdomo. Kijana alikuja na mpira wa kompresa, akafukuzwa nao. Upepo wa kompresa unaweza kung'oa sili uliyoifunga dakika kumi zilizopita.

Ncha za juu amefunga filta ndogo za petroli za pikipiki, zinatazama chini ili mvua isiingie. Ni ujanja mzuri na ni rahisi, lakini kwa vumbi letu la Dodoma karatasi ya ndani inajaa, na mvuke wa oili ukiifikia inashikamana. Mimi nazibadilisha kila nikifanya sevisi. Hili hakuniambia, na alipaswa kuniambia.

Hapo tumeshaingia kwenye kasoro, tuzimalize. Muda: "jioni utachukua" ya pale maana yake ni kesho saa saba, na hakuna atakayekupigia simu. Vijana wake wana haraka kuliko yeye. Mmoja alifunga mpira wa mbele kwa vifungo vya plastiki karibu sana na bomba la moshi, nikamwonyesha mzee, akaukata na kuurudia bila ubishi, lakini ningekuwa nimeenda kula ungebaki hivyo hivyo. Ukiacha gari, rudi ulikague kabla ya kulipa. Risiti ya EFD inapatikana kwa vifaa tu, kutoka duka lililouza; ufundi unaandikiwa kwa mkono. Kwa sisi tunaodai gharama halmashauri hiyo ni kero, na nimeshamwambia. Choo hakipo, nenda msikitini.

Msimu umepita. Nimevuka Kinyasungwe maji yakiwa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, nimekwama mbugani Bahi, ekseli ikiwa ndani ya maji kwa muda ambao zamani ungenitosha kuua difu. Mei nililegeza nati asubuhi kabla ya kuwasha gari, nyuma ikatoka oili safi tangu tone la kwanza. Mbele kulikuwa na dalili kidogo ya unyevu, na mzee alipoangalia akasema ni zile sili za nakoli, zimevuka msimu lakini hazivuki mwingine. Sawa, alishasema.

Kama gari lako haliachi lami ya Dodoma na Morogoro, usipoteze hela. Safisha ile briza ya kiwandani kwa petroli, hakikisha inagonga, inatosha. Ila kumbuka hata kwenye kuoshea magari maji ya presha yakipigwa kwenye ekseli iliyotoka safari yanafanya mchezo uleule wa korongo. Liache lipoe kwanza. Lakini kama unabeba saruji Kondoa vijijini, chanjo, alizeti, au mabomba kama mimi, nenda Kizota kabla ya Novemba. Mvua ikishaanza foleni pale inafika barabarani, na bei haibaki hiyo niliyoandika. Nenda na oili yako ya difu, 80W-90 GL-5, uliyoinunua mahali unapopaamini, maana ya pale inatoka kwenye pipa na pipa halina lebo. Na mzee ukimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", badala ya "mambo vipi", gari lako linasogea mbele kidogo kwenye foleni.