Baridi ya Njombe na chumba cha mtoto: nunua nini kwanza, nini baadaye, na nini usikiingize kabisa

Anayeishi Njombe, Makete au Mufindi haelezwi kipupwe ni nini. Kuanzia Juni hadi Agosti maji ya bomba yanauma vidole alfajiri, na kule Kitulo nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma na bati. Mchana zinaota jua, lakini usiku bati lisilo na dari chini yake linapitisha joto lote. Mtu mzima anajikunja ndani ya blanketi mbili na kulala. Mtoto wa mwaka mmoja anapiga blanketi teke saa nane za usiku, na wewe unajua tu pale anapolia.

Wazazi wengi tukishikwa na hofu ya kichomi tunakimbilia hita. Mimi nilifanya hivyo msimu wa kwanza: chumba kikapata moto, nikazima, na baada ya nusu saa baridi ikarudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana hapa hita iko nafasi ya nne.

Kabla ya yote, tafuta kipimajoto cha ukutani, kile kidogo cha bei nafuu. Uingereza, ambako baridi wanaijua, wazazi wa watoto wachanga hushauriwa chumba kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Si lazima kifanane na Dar es Salaam. Wengi wetu hudhani chumba ni kibaya kuliko kilivyo, kisha tunamvika mtoto mpaka anatoka jasho, na kwa mtoto mchanga joto la kupita kiasi nalo ni hatari.

Nafasi ya kwanza: kuziba. Hakuna fedha inayorudi haraka kama hii. Usiku wa upepo pitisha mkono chini ya mlango, pembeni mwa fremu ya dirisha, na pale ukuta unapokutana na bati. Chini ya mlango weka mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga au matambara. Kwenye dirisha la vioo vya kusukuma bandika ukanda wa sponji. Pazia liwe zito na lifike chini ya kizingiti. Kama chumba hakina dari na uwezo upo, piga dari ya chumba hicho kimoja tu. Mbao za mipaini kwetu hazitafutwi mbali. Godoro lisikae sakafuni, saruji inanyonya joto usiku kucha. Ila usizibe chumba kikakosa hewa kabisa, acha tundu dogo la juu.

Nafasi ya pili, na kwa mtoto mwenyewe ndiyo ya kwanza: nguo ya kulalia. Rompa nzito yenye miguu, au mfuko wa kulalia wa mtoto, ule wenye mikono wazi na zipu, unaovaliwa kama gauni lililofungwa chini. Huu hauwezi kupigwa teke. Inapatikana kwenye mitumba, nami nasema bila kusita kwamba mfuko mzuri wa mtumba unamsaidia mtoto kuliko hita mpya. Soma lebo yake. Tog ni kipimo cha jinsi nguo inavyotunza joto. Ukiona 2.5 tog, huo ni wa chumba cha nyuzi 16 hadi 20. 3.5 ni wa chumba chenye baridi zaidi. 1.0 ni wa joto, uache hata kama rangi imekupendeza. Kisha angalia shingo: mfuko ukishafungwa, kichwa kisiweze kuzama ndani. Usiwe na kofia wala kamba. Vuta zipu mara tatu palepale sokoni. Nyumbani ufue kwa maji ya moto na uupige pasi, na ndani yake mtoto avae fulana ya pamba ya mikono mirefu.

Kwa aliye chini ya miezi 12, mfuko huu unachukua nafasi ya blanketi. Hauongezwi juu ya blanketi. Alale chali, bila mto, bila blanketi linaloweza kumfunika uso, bila kofia kichwani. Najua bibi watalalamika juu ya kofia. Waeleze kwa upole kwamba mtoto hutoa joto la ziada kupitia kichwani.

Ya tatu: chupa ya mpira ya maji ya moto. Inapasha kitanda. Mtoto mwenyewe haipaswi kumgusa. Iweke chini ya shuka dakika 20 kabla, kisha ITOE ndipo umlaze. Maji yasiwe yanayochemka. Chupa ya soda haifai, plastiki yake hulegea kwa maji ya moto na kumwagika.

Ya nne: hita ya mafuta, ile yenye mapezi kama redieta ya gari. Mafuta yake yamefungwa ndani, hayaungui, wala hita hii haili hewa ya chumbani kama wengine wanavyoamini. Nunua yenye termostati na swichi inayojizima ikianguka. Sasa piga hesabu ya Luku. Wati 1,500 kwa saa 8 mfululizo ni uniti 12. Termostati ikikata nusu ya muda ni 6, yaani 180 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, anaimaliza kabla ya wiki mbili. Mimi naiwasha kwa muda wa saa 2 kabla ya mtoto kulala, kwenye ngazi ya wati 800: uniti 1.6 kwa usiku. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni ya bei rahisi, na iwe mita moja kutoka kitandani na kwenye pazia.

Hita ya feni inapasha haraka na joto lake hupotea haraka. Inafaa wakati wa kumwogesha mtoto, katika chumba kingine kikavu, hita ikiwa mbali na beseni. Ile ya nyaya nyekundu usiiweke chumbani kwa mtoto, shuka moja ikiiangukia inatosha. Blanketi la umeme si la mtoto mdogo, maana anakojoa na hawezi kusema limemchoma.

Jiko la mkaa sitaliweka nafasi yoyote. Tuliwahi kuliingiza, mkaa ukiwa umeshika vizuri, hauna moshi hata kidogo. Tuliamka vichwa vinapasuka, na mtoto amelegea, anatapika. Mkaa usio na moshi ndio unaodanganya: hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikitokea kwako, toa watu wote nje kwanza, kisha hospitali, hata kama mtoto ameanza kucheka.

Na usiku ukitaka kujua kama amepoa, usishike viganja. Hivyo huwa vya baridi tu. Ingiza vidole nyuma ya shingo. Pakiwa pakavu na vuguvugu, mwache alale.