iNaturalist kwa kumtambua chura wa Houston: usiishie kwenye picha

iNaturalist ni programu ya bure ya kutambua viumbe, ya Android na iPhone, na kwa wanyama wengi hukupa jina zuri papo hapo. Kwa chura wa Houston (Anaxyrus houstonensis) wa Texas, aliye kwenye orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini tangu 1970, jina la kwanza lichukulie kama dokezo tu.

Sababu ni kwamba mapendekezo yake ya majina hutokana na picha, hali chura huyu hutambulika zaidi kwa sikio. Muda mwingi wa mwaka yuko ndani ya mchanga, hasa kwenye misitu ya misonobari ya Kaunti ya Bastrop. Msikilize Februari na Machi, usiku wa uvuguvugu na unyevu: mlio mwembamba wa juu, unaotetemeka bila kukatika kwa wastani wa sekunde 14. Wa chura wa Ghuba (Incilius nebulifer) ni mfupi na mzito zaidi. Wa chura wa Woodhouse, spishi nyingine, hutokea puani, kama mtoto anayenung'unika. Rekodi mlio mzima, kisha upakie sauti pamoja na picha. Wajuzi wataisikiliza, hata kama programu haiipi jina.

Upande wa picha, piga kichwa kwa juu: yaonekane matuta ya mifupa baina ya macho, na yale yaliyonenepa nyuma yake. Piga na ubavu. Mstari mpana mweusi ubavuni na bonde refu kichwani ni dalili za chura wa Ghuba. Mboni ikisimama wima, huyo ni chura mchimbaji wa jamii nyingine kabisa, Scaphiopus hurterii. Watu huwachanganya kwa kuwa wote hujifukia.

Ninachokisifu bila kusita ni ulinzi wa mahali: kwa spishi iliyo hatarini, alama ya ramani hutupwa popote ndani ya eneo la takriban kilomita 20 kwa 20. Ila sehemu ya maelezo haifichwi. Ukiandika humo jina la bwawa, umelitangaza.

Alama ya "kiwango cha utafiti", ambayo programu huiweka kwenye rekodi ambayo jina lake limekubaliwa na watumiaji, nayo isikulevye, maana watu wawili wakikubaliana inatosha.

Nyota 4 kwa kutunza ushahidi, 2 kwa kutaja jina. Na usimshike ili upate picha ya tumbo. Bila kibali cha serikali kuu ni kosa kisheria.