Ziara ya Chuo cha Wanamaji, Annapolis: anzeni na makumbusho

Waswahili wenzangu wa Maryland, hasa mlio na vijana wa sekondari, nendeni Annapolis mkazuru Chuo cha Maafisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kutoka Baltimore kwa gari ni mwendo usiofika saa moja. Mimi ni mtoto wa Likoni. Nimekua nikiziona manowari zetu pale Mtongwe, na siku zote nilitaka kujua afisa wa meli ya vita hufinyangwa vipi. Hapa nimepata jibu, na nimelipata nikiwa na mwanangu ambaye naye ameanza kuuliza maswali hayohayo.

Ziara ya kuongozwa huchukua kama saa moja na robo, kwa miguu. Ni nzuri, lakini msianze nayo. Ingieni kwanza Preble Hall, jumba la makumbusho, ambalo halina kiingilio. Pandeni ghorofani kwenye modeli za meli. Nyingine zimechongwa kwa mifupa na mateka wa Kifaransa waliofungwa Uingereza wakati wa vita vya Napoleon, mifupa ya nyama waliyopewa kula, na kila kamba ya tanga iko mahali pake. Mjomba wake mwanangu, aliyefanya kazi Bandarini Kilindini hadi kustaafu, hakutaka kuondoka pale.

Mkishapitia makumbusho, maelezo ya mwongozaji yatawaingia vizuri zaidi. Zamani vijana wa Kimarekani waliotaka uafisa walijifunzia melini tu, kwa kuamrishwa na kukaripiwa. Mwaka 1842, kwenye meli ya mafunzo iitwayo Somers, kijana Philip Spencer alinyongwa baharini pamoja na wenzake wawili kwa tuhuma za kupanga uasi. Baba yake alikuwa Waziri wa Vita. Kelele zilizofuata zilitia nguvu hoja ya kuwa na shule nchi kavu. Bunge lilikuwa gumu kutoa fedha, kwa hiyo Waziri wa Wanamaji George Bancroft akaichukua ngome kuukuu ya Fort Severn kutoka kwa jeshi la nchi kavu, akatumia fungu alilokuwa nalo, na tarehe 10 Oktoba 1845 akafungua na wanafunzi 50 na walimu 7. Napenda ujasiri wa namna hiyo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe chuo kilihamia Newport, Rhode Island, kikarudi 1865.

Chini ya kanisa la chuo kuna kaburi la John Paul Jones, nahodha wa vita vya uhuru. Alifariki Paris mwaka 1792, kaburi likasahaulika zaidi ya miaka 100, hadi balozi Horace Porter alipoufanya mwili utafutwe na kupatikana 1905. Ulikuwa haujaoza sana, kwa kuwa ulizikwa ndani ya jeneza la madini ya risasi lililojazwa kileo. Sasa amelala ndani ya marumaru, na majina ya meli alizoongoza yameandikwa sakafuni kumzunguka. Teremkeni polepole, pana utulivu wa kweli.

Bancroft Hall ni bweni moja la makadeti wote, zaidi ya 4,000, lenye korido za karibu kilomita 8. Wageni huona ukumbi wa mbele na ule wa kumbukumbu ya wahitimu waliokufa kazini, na hapo panatosha. Nguzo ya Herndon ndiyo iliyomchangamsha mwanangu: kila mwaka makadeti wanaomaliza mwaka wa kwanza hupandiana mabegani kwenye nguzo iliyopakwa mafuta ya kupikia, ili kuondoa kofia ya kuruta kileleni na kuweka ya kadeti kamili. Mwaka 1995 iliwachukua zaidi ya saa nne.

Ila kuna jengo moja ambalo nawasihi msilipite mkidhani ni ukumbi wa michezo tu. Linaitwa Wesley Brown. Mtu mweusi wa kwanza kuingia chuoni, James Conyers, aliingia 1872, akateswa na wenzake, akaondoka bila kuhitimu. Wakafuata wengine wanne, wote wakashindwa kufika mwisho. Wesley Brown, mzaliwa wa Baltimore, aliingia 1945 akiwa wa sita, na 1949 akahitimu. Miongoni mwa waliomtia moyo alikuwamo mkimbiaji mwenzake wa mbio za nyika, Jimmy Carter, yule aliyekuja kuwa rais. Wanawake walianza kupokelewa 1976, na 55 wakahitimu 1980, akiwamo Janie Mines, mwanamke mweusi wa kwanza. Nilimsimamisha mwanangu mbele ya jengo lile nikamsimulia yote haya mwenyewe. Mfanyieni wenu hivyo.

Mambo ya kujiandaa: gari liacheni mjini, raia hawaegeshi ndani. Mtu mzima abebe kitambulisho kinachokubalika au pasipoti. Siku za kazi ndizo bora, kwa sababu adhuhuri, hali ya hewa ikiruhusu, makadeti hujipanga gwaride mbele ya Bancroft Hall kabla ya kwenda kula, na kulitazama ni bure.

Mwanangu aliuliza kuhusu kujiunga. Masomo hayalipiwi, lakini mhitimu hutumikia angalau miaka 5. Raia wa Marekani huhitaji kuteuliwa, mara nyingi na mbunge au seneta wake, kwa hiyo barua zianze kuandikwa mapema, kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Wa nchi nyingine hawazidi 60 chuoni kwa wakati mmoja, na huletwa na serikali zao kwa mwaliko. Mwenye mpwa Mombasa au Tanga anayeota kuja huku aanzie serikalini kwao na kwenye ubalozi wa Marekani.