Salfa ya kuchanganya na maji: inakinga nini na haikingi nini katika zabibu za Dodoma

Kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Makutupora anayetaka kinga dhidi ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa vumbi jeupe), salfa ya unga wa kuchanganya na maji, yenye kiambato cha asilimia 80, inastahili fedha yake, ilimradi aielewe kuwa ni kinga tu. Haiponyi kichala ambacho tayari kimefunikwa na vumbi jeupe.

Ubwiri unga hauhitaji jani lililolowa; unastawi katika hali ya hewa ya wastani, hasa ndani ya matawi yaliyosongamana kwa kutopogolewa vizuri, na ukishika punje changa huzifanya zipasuke zinapokua. Kwa hiyo salfa huanza kupuliziwa machipukizi yakiwa bado mafupi, kisha hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14, bila kuruka kipindi cha maua na wiki chache zinazofuata, ambapo punje ni dhaifu zaidi. Ubora wake mkubwa ni kwamba hushambulia vimelea kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana havijaizoea ingawa imetumika katika mizabibu tangu karne ya 19, tofauti na baadhi ya dawa za kupenya ndani ya mmea ambazo hupoteza nguvu zikirudiwa msimu mzima.

Kasoro ya kwanza ni joto. Ikipuliziwa nyuzijoto zikiwa zaidi ya 30, huunguza majani na punje, na mchana wa Dodoma hufikia kiwango hicho mara kwa mara. Mimi hupulizia alfajiri. Isitumike pia karibu na dawa zenye mafuta: ni salama kuacha wiki mbili katikati. Unga wenyewe ukorogwe kwanza kwenye ndoo ndogo na kuchujwa, la sivyo huziba pua ya bomba la mgongoni. Barakoa na miwani ni lazima, kwa kuwa vumbi lake huwasha macho vibaya sana.

Lawama yangu kubwa ni kwa muuzaji wa pembejeo aliyeniuzia akisema kwamba inatibu “ukungu wote”. Si kweli. Ubwiri vinyoya, ambao huonekana kama madoa ya manjano yenye mng’ao wa mafuta juu ya jani na manyoya meupe chini yake, hauzuiwi na salfa hata kidogo. Na huo ndio unaotutesa mvua za Desemba hadi Aprili zinapolowesha majani usiku kucha. Unahitaji dawa ya shaba au mankozebu, iliyopuliziwa kabla ya mvua, na kurudiwa mvua kubwa inapoiosha. Anayenunua salfa peke yake kwa ajili ya masika amenunua nusu ya kinga, na unafuu wa bei unaishia hapo.

Kwa wanaouza zabibu za mvinyo, upuliziaji usimamishwe mapema, wiki kadhaa kabla ya mavuno, kwa sababu mabaki ya salfa yakiingia kwenye uchachushaji huupa mvinyo harufu ya yai viza. Pakiti niliyonunua haikuwa na onyo hilo kwa Kiswahili, jambo linaloniacha nikiipunguzia alama bidhaa ambayo shambani inafanya kazi yake.