Paneli za sola kwenye nchi ya theluji: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Muuzaji akitaka kukuuzia kifaa cha kuondoa theluji, atakuonyesha picha ya paa lililofunikwa nyeupe pe. Usihamaki. Majira ya baridi mchana ni mfupi na jua linapita chini, kwa hiyo umeme unaofunikwa na theluji ni sehemu ndogo ya umeme wa mwaka. Chuo cha NAIT cha Edmonton, Kanada, kililinganisha paneli zilizofagiliwa na zilizoachwa, na hasara ya mwaka ikawa asilimia chache tu. Ndiyo maana vifaa vya kufagia nimeviweka chini kwenye orodha yangu.

Nafasi ya kwanza ni ya paneli yenyewe na namna itakavyofungwa. Hapa usiwe mkono wa birika. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta mzigo wa upande wa mbele, yaani uzito ambao uso wa paneli unaweza kubeba. Paneli nyingi hupimwa kwa paskali (kipimo cha mgandamizo) 2400; kwa theluji nzito tafuta 5400, yaani kama kilo 550 kwa kila mita ya mraba. Ila hiyo 5400 ni ya majaribio. Ukiigawa kwa 1.5 unapata 3600, na huo ndio mzigo wa kupangia kazi. Nao unashika tu iwapo vibano vimekaa pale mtengenezaji alipoelekeza, kwa hiyo mwambie fundi akuonyeshe ukurasa huo wa mwongozo.

Kisha uliza seli, yaani vipande vidogo vinavyozalisha umeme ndani ya paneli, zimeungwaje. Theluji ikiteleza, mara nyingi hubaki utepe wa barafu wenye upana wa kiganja, umeng'ang'ania fremu ya chini. Paneli ya seli nzima iliyosimamishwa wima hupoteza karibu umeme wote kwa utepe huo, kwa sababu unagusa mafungu yake yote matatu ya seli kwa pamoja. Ya seli zilizokatwa nusu ikisimama wima, nusu ya juu huendelea kuzalisha. Mimi ningeongeza pesa kwa ajili ya hiyo bila kusita. Paneli zinazozalisha umeme kwa pande zote mbili, mbele na nyuma, hazina faida kubwa zikilala karibu na paa; zifikirie kama paa ni bapa na zitainuliwa, maana theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga.

Ya pili ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, na wengi huipita hapa bila kuuliza. Baridi hupandisha volti. Chukua paneli ya volti 50 ikiwa wazi, yaani haitoi umeme kwenda popote, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ambayo volti yake hupanda asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja joto linaposhuka. Ukiunga 11 kwa mfululizo, karatasini ni volti 550. Asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, jua likichomoza tu, zinafika kama 632. Inveta yenye kikomo cha 600 imekwisha. Hesabu ifanywe kwa baridi kali kuliko zote za eneo lako.

Tatu, vizuizi vya theluji. Kioo kinateleza kuliko vigae, hivyo theluji hushuka kwa mkupuo, bamba zima. Kama chini kuna mlango, njia ya miguu au mita ya gesi, nunua. Kama kuna bustani tupu, acha ianguke. Vizuizi hushikilia theluji pale pale usipoitaka.

Nne ni fagio la kichwa cha sponji lenye mpini mrefu, la kutumia ukiwa umesimama chini. Mpini uwe wa faibaglasi, si wa alumini, hasa kama kuna nyaya za umeme karibu. Usikwangue hadi kwenye kioo: fungua sehemu tu, jua litamalizia. Reki ya chuma hapana kabisa, inachubua kioo.

Mkiani nimeweka nyaya za kupasha joto. Zinakula umeme wakati paneli zinazalisha kidogo kuliko majira mengine yote. Hesabu hiyo ni ngumu kulipa. Dawa za kupulizia za kuzuia theluji nazo, soma kwanza masharti ya dhamana ya paneli. Chumvi inakula fremu. Maji ya moto usithubutu: kioo kikipata joto la ghafla kinaweza kupasuka, na kisipopasuka, maji hayo yataganda hapo hapo juu yake.