F10 iligeuka redio: wiki yangu na shotikati za DevTools

Huu mwaka wa tatu natumia DevTools za Chrome, zile zana za watengeneza tovuti zilizomo ndani ya brauza, na muda mwingi nilikuwa nafungua kwa F12, nachungulia rangi na ukubwa wa herufi, nafunga. Shotikati nyingine, yaani vitufe vya njia ya mkato, niliziona za watu wa kujionyesha. Kilichonitia adabu ni kompyuta mpakato ya mtumba niliyoinunua msimu huu wa korosho, baada ya ile ya zamani kunywa chai ya maziwa.

Ofisi yangu ni chumba cha nyuma cha steshenari, Chikongola, hapa Mtwara mjini. Asubuhi moja alinipigia mama mwenye nyumba ya wageni kule Mikindani, niliyemtengenezea tovuti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile fomu yako imenuna. Watu wa Dar wanabonyeza kuweka nafasi, kimya."

Fomu ikifanya kazi ni yake. Ikiharibika ni yangu.

Nikafungua tovuti, nikabonyeza F12. Hakuna kitu. Pale kona ya chini kikatokea kidege na Wi-Fi ikafa. Nikabonyeza tena, Wi-Fi ikarudi. Kijana wa steshenari akachungulia mlangoni: "Dada, mtandao unakata?" Nikamwambia ndiyo, na anayeukata ni mimi.

Kwa kitufe cha Fn pamoja na F12 zana zikafunguka. Nikaenda sehemu ya Sources, inayoonyesha mistari ya programu, nikaweka breki ya kuisimamisha kwenye mstari ambapo fomu inatumwa, ili niutembeze mmojammoja. Kawaida F10 inakuvusha mstari, F11 inakuingiza ndani ya fankisheni (kipande cha programu) inayoitwa hapo, F8 inaachia programu iendelee. Nikagusa F10. Taarabu ikaanza! Usiku wa jana nilikuwa nimeacha programu ya muziki wazi. F10 tena, kimya. F11, wimbo mwingine. F8, sauti ikapanda, na mzee mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi ya kitambulisho akaanza kutikisa kichwa. Mshale kwenye mistari ya programu ulikuwa palepale, haujasogea hata hatua.

Ukishuka stendi na mzigo, kabla hujaliona basi lako wapiga debe wanne wameshakushika mkono. Kitufe nacho hupita njia hiyohiyo. Wa kwanza kukidaka ni kibodi yenyewe: kwenye laptop nyingi F1 hadi F12 zimegeuzwa kazi za sauti, mwanga na mtandao. Ikipita hapo, mfumo wa kompyuta unaweza kuichukua. Kisha viendelezi, vile viprogramu vya nyongeza ulivyoweka kwenye brauza. Kisha kuna suala la umebofya wapi mara ya mwisho, ndani ya ukurasa au ndani ya zana. DevTools ziko mwisho wa foleni, na lawama zote tunazitupia zenyewe.

Hilo la kubofya wapi ndilo lililonila muda mwingi. Nilitaka kuona fomu kwa umbo la simu, na shotikati yake kwenye Chrome ni Ctrl+Shift+M. Nikabonyeza, nikapigwa picha ya skrini. Nikadhani ni kwa kuwa nilikuwa nimebofya ukurasani, maana ukiwa ukurasani mchanganyiko huo una kazi nyingine, kufungua orodha ya wasifu wa watumiaji wa brauza. Nikabofya ndani ya zana, nikarudia. Picha nyingine.

Hapo nikatumia kamtego nilikokatunga mwenyewe. Fungua konsoli, sehemu ya kuandikia amri humo kwenye zana, andika kwa mkono mstari huu, piga Enter:

onkeydown = e => document.title = e.code

Kisha bofya katikati ya ukurasa na ubonyeze vitufe ukiangalia jina la kichupo juu. Kila kitufe kinachoufikia ukurasa kitaandika jina lake pale. Nilipobonyeza F10 peke yake, jina halikubadilika kabisa. Yaani kibodi ilishakila. Nikashika na Fn, ikaandika F10. Nikajaribu Ctrl+Shift+M polepole: ControlLeft, ShiftLeft, halafu ikagoma. M haikufika, na picha ya skrini ikapigwa tena. Nikaandika chrome://extensions/shortcuts kwenye sehemu ya anwani, na kweli, kiendelezi cha kupiga picha nilichokiweka mwaka jana nikakisahau kilikuwa kimejimilikisha mchanganyiko huohuo. Nikaufuta. Kwenye Firefox orodha ya namna hiyo ipo ukurasa wa viendelezi, kwenye alama ya gia.

Vitufe vya F dawa yake ni mbili. Laptop nyingi zina kufuli ya Fn, mara nyingi Fn na Esc. Yangu haina, ikabidi niwashe upya na kuingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, kubadili tabia ya vitufe hivyo. Ila kabla sijafika huko nilikuta DevTools zina vitufe mbadala ambavyo havigusi F hata kimoja: Ctrl na \ kuachia, Ctrl na ' kuvuka mstari, Ctrl na ; kuingia ndani. Nimevizoea kiasi kwamba hata baada ya kurekebisha BIOS sijarudi kwenye F10. Na kama hupendi walivyopanga, kwenye mipangilio ya DevTools kuna ukurasa wa Shortcuts: unabofya kalamu, unaweka wako, au unachagua mpangilio wa Visual Studio Code.

Fomu yenyewe? Dakika tano. Nilikuwa nimeandika sharti kwamba namba ya simu iwe tarakimu kumi zinazoanza na 0. Simu za wageni zilikuwa zinajaza zenyewe kwa +255, sharti linakataa, na mimi sikuweka ujumbe wowote wa kumwambia mtu kwa nini. Saa tatu nzima nahangaika na vitufe, dakika tano nahangaika na kosa langu.

Anayeruka kati ya brauza mbili ajihadhari. Ctrl+Shift+P ukiwa ndani ya DevTools za Chrome hufungua menyu ya amri, ambayo kwangu ndiyo kitu bora kuliko vyote humo. Unaandika unachotaka, inakuletea. Kwenye Firefox mchanganyiko huohuo hufungua dirisha la faragha. Konsoli ya ukurasa Chrome ni Ctrl+Shift+J, Firefox ni Ctrl+Shift+K. Nimeviandika kwenye karatasi nikabandika ukutani, juu ya kalenda.

Shotikati za DevTools nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu shotikati ikidakwa njiani hakuna anayekwambia nani kaidaka.

Jioni mama alipiga tena. Nafasi tatu zimeingia, mbili za watu wa Dar. "Umeona mwanangu," akasema, "fomu yangu nzuri."