Bweni la chuo baada ya miaka mitatu: karibu na darasa, mbali na usingizi

Chumba nilichopangiwa mwaka wa kwanza kilikuwa na vitanda viwili vya deka, makabati manne ya chuma, meza mbili na soketi moja tu ya umeme, nayo ilikuwa nyuma ya kabati la mwenzangu. Tulikuwa wanne. Naanza na soketi hiyo kwa sababu vipeperushi vya chuo havikuitaja, ilhali ndiyo iliyotulazimisha kuelewana: kila usiku tulipeana zamu za kuchaji, na aliyechelewa kurudi aliamka na simu iliyozimika. Nimeishi bwenini miaka mitatu, katika vyumba viwili, na hapa napima kile ambacho mwanafunzi hupata kwa ada anayolipa.

Anachopata kwanza ni ukaribu. Kutoka kitandani hadi ukumbi wa mihadhara nilitumia dakika sita kwa miguu, na maktaba ilipofungwa usiku sikuwaza usafiri wala usalama wa njiani. Ada hiyo moja ilijumuisha maji, umeme na ulinzi, kwa hiyo sikuwahi kugongewa mlango na mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Kwa mgeni asiyemjua mtu, bweni lina manufaa mengine yasiyoandikwa kwenye stakabadhi. Usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu, jirani wa chumba cha tatu alichuchumaa koridoni akanichorea kwa chaki, juu ya sakafu ya saruji, mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wa takwimu wenye umbo la kengele, ambao nilikuwa nimeukodolea macho darasani kwa wiki mbili bila kuuelewa. Kufikia saa saba nilikuwa nimeuelewa, na mchoro ulibaki pale hadi fagio la asubuhi lilipopita.

Gharama yake ni usingizi. Katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sauti ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hukaribia 60. Nyuma ya kila mlango wetu palibandikwa tangazo la saa za utulivu, lakini mlezi wa bweni aliishi ghorofa ya chini na sisi tulikuwa ya tatu, hivyo tangazo lilibaki kuwa pambo. Nililala kitanda cha juu, na kila nilipogeuka chuma kililia, wa chini akaamka, naye akigeuka nikaamka mimi.

Hata hivyo, nilikosea kudhani kwamba tatizo ni msongamano. Mwaka wa pili nilihamia jengo jipya, chumba cha watu wawili, kila mmoja na meza yake na soketi yake, na nikalala vibaya zaidi, kwa kuwa mwenzangu alizungumza na simu hadi saa nane za usiku bila kushusha sauti. Nguvu ya mwenza wa chumbani si hisia zangu tu. Mwaka 2001 mchumi Bruce Sacerdote alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani waliokuwa wamepangiwa wenza kwa bahati nasibu, akaonyesha kwamba wastani wa alama za mwenza uliathiri alama za mwanafunzi mwenyewe. Pamoja na hayo, fomu ya kuombea chumba niliyojaza iliuliza jinsia, kozi na mwaka wa masomo, basi. Haikuuliza ninalala saa ngapi wala kama ninasoma kwa muziki, maswali mawili ambayo yangeniokoa muhula mzima na yasingekigharimu chuo chochote.

Mabafu yalikuwa na foleni ya kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na milango miwili isiyokuwa na komeo. Magonjwa nayo husambaa haraka watu wanapolala karibu karibu: mafua yalituzungukia wote wanne ndani ya juma moja, na ni kwa sababu ya ukaribu huo huo baadhi ya vyuo hudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kumpa mwanafunzi chumba. Marufuku ya kupikia chumbani naiunga mkono, kwa kuwa jiko la umeme juu ya waya mmoja wa nyongeza ni moto unaosubiri kuwaka, ila anayepiga marufuku hiyo hana budi kutoa jiko la pamoja, na sisi hatukuwa nalo.

Kwa mwaka wa kwanza ningelichagua bweni tena bila kusita. Kwa mwaka wa mwisho, mwenye tasnifu ya kuandika na uwezo wa kupanga chumba karibu na chuo, ahame. Anayeingia apige picha za kuta, godoro, kitasa na dirisha siku anayokabidhiwa ufunguo. Mwaka wa kwanza amana yangu ilikatwa kwa kioo nilichokikuta na ufa. Niliposalimisha chumba cha pili nilikuwa na picha kumi na nne, na nilirudishiwa yote.